Sanaa Chini ya Miti: Ngoma ya Malinya na Ndege wa Jiwe wa Nairobi

Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Sikwenda Malinya kutafuta habari za kuandika. Nalikwenda kuhani msiba wa rafiki yangu wa siku nyingi, aliyefiwa na babake. Lakini kalamu ya mwandishi haijui likizo, na niliyoyaokota huko ndiyo ninayokuletea leo, ndugu msomaji.

Malinya, kwa asiyeijua, iko katika nchi ya Waidakho, sehemu za Ikolomani, kusini ya mji wa Kakamega. Wengi wetu wa pwani tukisikia jina hilo twakumbuka uwanja wake wa kupiganisha mafahali tu. Mimi nilikuta jengine. Asubuhi ya mazishi, kabla ya jua kuwa kali, ilisikika ngoma kutoka upande wa barabara, mara ikaingia uani, mara ikazunguka chini ya miti. Ilikuwa ni isukuti. Hakukuwa na jukwaa wala pazia, na hapana aliyekata tikiti. Wapigaji walizikwapa ngoma zao, watu wakafuata nyuma, na kivuli cha miti kikawa ndicho paa la ukumbi.

Isukuti huchezwa na Waisukha na Waidakho katika kuzaliwa na kuoana, katika kutahiri na kuzika, na hata mafahali wanapopelekwa uwanjani. Ngoma zake huwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pamoja nazo kuna pembe ya paa na njuga za chuma. Kila ngoma ni gogo la mti lililochimbwa ndani, likawambwa ngozi ya kenge. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliandikisha mchezo huu katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu zilizotajwa ni kwamba wajuzi wake wanazeeka, vijana wanavutwa na burudani za kununua, na vifaa vya kutengenezea ngoma na mavazi vimekuwa shida kupatikana.

Baada ya maziko niliketi na mzee mmoja wa pale. Aliponiamkia kwa neno lao, "Mulembe", yaani amani, nami nikaitikia kwa shida, alicheka. Kisha akaniuliza, "Mgeni wetu, nyinyi watu wa magazeti mwasema ngoma hii imeandikwa huko Ulaya. Je, na mti wake nao waliuandika?"

Sikuwa na jawabu. Nilimwambia, "Mzee wangu, hilo nitakwenda kulifikiri." Na tangu hapo nalifikiri.

Ukweli ni kwamba swali la yule mzee ndilo swali lote la sanaa na mahali pake. Sisi tumezoea kuamini kuwa kazi ya sanaa ikishathaminiwa, heshima yake ni kupelekwa ndani. Hutiwa katika kabati la kioo, huandikiwa kibandiko na kuwekewa taa. Huko husalimika na mvua na mchwa, lakini pia hukatwa kitovu na mti uliotoka. Mtoto wa shule anayeiona ngoma nyuma ya kioo haambiwi kuwa gogo lile liliwahi kuwa na majani, wala hajui kama mti wa namna ile ungaliko.

Kuna mti mmoja huko magharibi uitwao murembe, wenye maua mekundu kama makaa ya moto. Waluhya wauheshimu sana. Zamani watu walikula yamini chini yake, na aliyeapa uongo hapo alijua amejitafutia balaa. Sasa tazama ajabu ya lugha: mti huo huo kwa Kiswahili waitwa mwamba-ngoma. Bara waliuona ni mti wa kiapo, na sisi tukaupa jina la yule anayevuta ngozi juu ya gogo. Jina peke yake latwambia kuwa wazee wetu, walipoutazama mti, waliisikia ngoma iliyo ndani yake. Hawakuvitenga vitu viwili hivyo.

Basi, je, kuna mahali leo ambapo sanaa ya kisasa imerudishwa kukaa pamoja na miti, tena katikati ya mji? Mahali pamoja pako Nairobi, na kisa chake kina funzo.

Joseph Murumbi alizaliwa mwaka 1911, babake akiwa Mgoa na mamake Mmasai. Mwaka 1966 alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya kwa miezi michache, kisha akajiuzulu. Wengi waliomjua katika siasa wamemsahau, lakini wapenda sanaa hawakumsahau, kwa kuwa mtu huyu alikusanya vitabu, vinyago, nguo na mapambo ya Afrika nzima kwa mapenzi ambayo hayakuwa ya kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishirikiana na Alan Donovan kuanzisha nyumba ya sanaa ya African Heritage mjini Nairobi. Alipofariki mwaka 1990 alizikwa City Park, karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965. Mkewe Sheila alimfuata mwaka 2000, naye akalazwa kando yake.

City Park ni bustani na msitu mkongwe ndani ya jiji. Miti ya asili imesimama humo tangu kabla ya Nairobi kuwa jiji, na kima wameifanya makao yao. Lakini ardhi ya mji ni kama nyama sokoni, kila mwenye kisu huitamani. Miaka ya 1990 vipande vya bustani hiyo vilimegwa na kugawiwa watu binafsi, na ikahofiwa kuwa hata makaburi yale yatamezwa. Waliompenda Murumbi hawakujenga ukuta. Walileta sanaa. Mwaka 2009 palifunguliwa bustani ya kumbukumbu yake, na kazi kubwa za wachongaji wa Afrika Mashariki zikasimamishwa chini ya miti, kuyazunguka makaburi. Mojawapo ni ya Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka katika nchi ya Wakisii, ambaye kazi yake nyingine imesimama katika makao ya UNESCO mjini Paris. Ile ya City Park ni ndege wa amani anayetoka katika jiwe la kukata tamaa.

Angalia jambo lililofanyika hapo. Jiwe lilikuja kuulinda mti, na mti ukalipa jiwe kivuli. Kiwanja kitupu ni rahisi kunyakuliwa, lakini kiwanja chenye kaburi, na kazi ya mkono wa binadamu, na watu wanaokuja kuitazama, kina mashahidi. Kwa maoni yangu, hii ndiyo faida kubwa ya kuiweka sanaa baina ya mimea. Uzuri waweza kupatikana popote, lakini hapa sanaa na mti hudhaminiana, na atakayetaka kukigusa kimoja itampasa ajibu kwa vyote viwili.

Na wala si Nairobi peke yake. Mjini Kampala, pembeni mwa bustani, limesimama sanamu refu la uhuru wa Uganda la mwaka 1962: mama aliyefungwa vitambaa mwilini amnyanyua mtoto juu, mikono ya mtoto ikielekea mbinguni. Aliyelifanya ni Gregory Maloba, mwana wa magharibi ya Kenya, aliyesoma na kufundisha Makerere. Watu wanaopita hapo hawahitaji kujua jina lake ili waielewe kazi yake. Hupumzika karibu nayo, wakala njugu zao, wakaenda zao. Hebu nambie, ni jumba gani la sanaa lenye wageni wengi kama hao?

Ng'ambo nako wamelitambua jambo hili. Mwaka 2000, bustani ya mimea ya Kew, London, ilionyesha kazi za mawe za wachongaji wa Zimbabwe, zilizoletwa na Chapungu, bustani ya sanaa ya Harare. Mwaka uliofuata maonyesho ya Chapungu yalikuwa katika bustani ya mimea ya Missouri, huko Marekani. Mwaka 2007 hiyo hiyo Kew ikapanga sanamu kubwa za Mwingereza Henry Moore katika nyasi zake. Jiwe la Afrika lilipata kivuli cha heshima ughaibuni, na watu wakalipa mlangoni kulitazama. Hapo ndipo moyo unaponiuma kidogo: mgeni kaona thamani ya kuliweka jiwe letu penye miti, nasi wenyewe miti twaikata ili tujenge maduka.

Lakini sisemi kuwa kazi hii ni nyepesi. Sanaa ya nje ina maadui zake. Mti mkavu huliwa na mchwa na kupasuliwa na jua, chuma hula kutu, na jiwe laini la Kisii hukwaruzika hata kwa kucha ya mtoto. Mzizi ukinenepa huinua msingi, na kinyago kikaanza kuinama kama mlevi. Kwa hiyo bustani ya sanaa yahitaji mtu wa namna yake, nusu mtunza mimea na nusu mtunza sanaa, ajuaye tawi gani likatwe na jiwe gani lioshwe. Ukiweka sanamu kisha ukaenda zako, baada ya miaka michache utakuta magugu na takataka, na fedheha juu yake.

Sasa niseme lile ambalo najua msomaji wangu wa Lamu, au wa Mji wa Kale Mombasa, amelishika ulimini tangu aanze kusoma. Atauliza: na sanamu je? Sisi tuliolelewa vyuoni, mbele ya ubao na mwalimu, tulifundishwa kujiepusha na kuchora chenye roho. Wanazuoni wengi wameshikilia hivyo, nami si mtu wa kuwabishia. Nyumbani kwangu hakuna sanamu, wala sitaliweka. Lakini wanazuoni hao hao walitwambia kuwa mwenye kutaka kuchora na achore miti na visivyo na roho. Wachongaji wetu wakaitii kauli hiyo, wakaijaza milango ya pwani maua, mawimbi na minyororo, na kazi yao haina mfano.

Na ukitaka kujua kama sanaa yetu yakubali kukaa mitini, nenda Gedi. Misikiti, kasri na makaburi ya mawe yamesimama ndani ya msitu, mizizi imekumbatia kuta, na ndege wanalia juu ya mihrabu. Hapana aliyepanga iwe hivyo, lakini kila aingiaye hushusha sauti. Kwa hivyo, pwani ikitaka bustani ya sanaa haina haja ya kuazima kilicho na mashaka kwake. Tuna khati, tuna milango, tuna nguzo za makaburi, tuna viti vya enzi. Vikipangwa baina ya miasumini, mikadi na mibuyu, ni nani atakayechukizwa? Na huko bara, ambako desturi ni nyingine, waachiwe wenyeji waweke cha kwao. Mimi mbele ya ndege yule wa City Park sikuinama. Nalitazama tu, nikamuombea maiti rehema, nikaondoka na mazingatio.

Narudi Malinya, kwa kuwa ndiko deni langu liliko. Mjini Kakamega, si mbali na huko, ipo Bustani ya Muliro, iliyopewa jina la mwanasiasa Masinde Muliro. Na mashariki ya mji uko msitu wa Kakamega, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933, ambao ni mabaki ya msitu mkubwa uliowahi kuungana na ile ya Kongo. Ningekuwa na sauti mbele ya wakuu, ningewaomba jambo moja. Katika bustani ile ya mjini upandwe murembe, na ipandwe miti ambayo mafundi wa isukuti huichimba, kila mmoja na jina lake kwa Kiidakho, kwa Kiisukha na kwa Kiswahili. Kando ya kila mti iwekwe kazi ya fundi, ngoma au kinyago au kigoda, iliyofanywa leo na vijana wa leo. Na siku za Jumamosi wapigaji wapige hapo, ili mtoto auguse mti kwa mkono mmoja na ngoma kwa mkono wa pili.

Hapo nitaweza kurudi kwa yule mzee na jawabu. Nitamwambia: Ulaya waliandika ngoma, mzee wangu. Mti wametuachia sisi tuuandike, nao hauandikwi kwa wino ila kwa jembe na maji. Na kwa kuwa mshairi hawezi kufunga mlango bila ya kuacha beti, nimetunga huu:

Mwenye kuitaka ngoma, na apande kwanza mti,
Asiukate kwa hima, aupe mche wakati,
Kivuli kiwe ni nema, kwa mkaa pasi kiti,
Mti ukisha kukoma, ngoma nayo haiketi.