Ramani ya Nyumba na Swali la Bibi

Niseme ukweli, ugomvi wetu mkubwa wa kwanza haukuwa wa wivu wala meseji za simu. Ulikuwa wa ramani ya nyumba.

Tumenunua kiwanja Ujiji. Siku moja mchumba wangu akaja na mchoro umekamilika: masta yenye choo ndani, sebule kubwa, ukuta mrefu, geti. "Hapa ni peponi," akasema. Mimi sikuwa nimeulizwa hata dirisha la jiko litazame wapi!

Tukaupeleka Kasulu kwa bibi yake, atupe baraka. Baada ya shikamoo na chai, Bibi aliugeuza mchoro mara mbili, akauliza, "Aliyechora hii ndiye atakayelala humu?"

Halafu akatusimulia Operesheni Kigoma ya 1972. Wengi wetu ujamaa tuliusoma darasani tu, tukafaulu mtihani, basi. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya ujamaa vijijini mwaka 1967, alitaka watu waingie kwa hiari, wakae pamoja ili shule, zahanati na maji viwafikie. Nani angekataa? Lakini kufikia Novemba 1973 kuhamia kijijini ilikuwa amri ya nchi nzima. Waha walikuwa wakikaa mbalimbali, kila familia na migomba yake. Wakapangiwa nyumba kwa mistari, kando ya barabara.

"Shule tulipata, baba yenu kasoma pale," Bibi alisema. "Ila migomba ilibaki kule. Nilikuwa naamka alfajiri kwenda kukata ndizi zangu mwenyewe, kama mwizi."

Mwenzangu alinyamaza kwenye basi mpaka Kigoma mjini. Jioni tukatembea Ujiji, chini ya miembe. Nyumba za zamani pale zina baraza mbele, watu wanakaa, wanasalimiana na wapita njia. Nikamwambia nataka baraza. Akasema wezi. (Na kweli, wezi wapo.) Tukabishana tena, ila safari hii kalamu tulishika wote wawili.

Masta imebaki, hata mimi naitaka. Baraza imepata mita mbili. Dirisha la jiko linatazama ziwani. Ukuta bado hatujakubaliana, na harusi ni mwezi wa kumi.

Wiki iliyopita Bibi alituma machipukizi matatu ya mgomba kwa basi. Anataka yapandwe kabla fundi hajachimba msingi.