Kumfundisha mtu mzima kusoma Kiingereza: tuanzie lugha anayoisoma tayari

Nilipoanza kujitolea kufundisha watu wazima Kiingereza siku za Jumamosi hapa Lubumbashi, mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa mama muuza unga wa mahindi. Unga huo huununua Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, ambako lugha rasmi ni Kiingereza. Siku ile hakuniomba sarufi. Alitoa mkobani fomu iliyokunjwa mara nne, akasema: "Mwalimu, nionyeshe nilipokosea. Nililala mpakani kwa ajili ya karatasi hii."

Penye neno "surname" alikuwa ameandika jina analoitwa sokoni. Mama huyu alisoma shule kwa Kifaransa, na katika Kifaransa "surnom" ni jina la utani. Kumbe "surname" ya Kiingereza ni jina la ukoo. Jina la fomu halikulingana na la pasipoti, fomu ikakataliwa. Kusoma alijua; ila alisoma Kiingereza kwa macho ya Kifaransa.

Mimi nilimjibu kwa kumfundisha kunyambua kitenzi "to be". Nilifanya hivyo kwa wote watano waliokuja. Baada ya mwezi walibaki wawili. Hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo mwanafunzi wa isimu alipaswa kujiuliza mapema: mtu huyu anasoma lugha gani tayari?

Wanafunzi wa aina tatu

Wa kwanza ni wale wanaosoma Kiswahili peke yake: Biblia, ujumbe wa simu, tangazo la kanisani. Wamezoea kwamba kila vokali ina herufi yake. Ukishaijua "a" katika "baba", umeijua pia katika "samaki" na "mahakama". Sasa mtu huyo akutane na "name", "bag", "car" na "water". Herufi ni moja, sauti ni nne. Kiswahili kina vokali tano. Kiingereza cha Uingereza kina zipatazo 20, nacho hutegemea herufi zilezile tano, na "y" ikisaidia. Mwanafunzi asipoelezwa jambo hili mapema, atadhani ubovu uko kichwani mwake.

Wa pili ni wale waliosoma Kifaransa. Hawa wana akiba kubwa: "document", "transport", "visa" na "date" wanayatambua kabla ya somo la kwanza. Lakini akiba hiyo ina mitego. Katika "date of issue", mmoja wao alidhani anaulizwa tarehe ya kutoka nchini, kwa kuwa "issue" ya Kifaransa ni njia ya kutokea. Kumbe ni tarehe hati ilipotolewa. Sauti nazo zina mitego yake. Tuchukue "ch". Katika Kiswahili husomwa kama katika "chai". Katika Kifaransa kwa kawaida husomwa kama "sh". Katika Kiingereza, "change" hufuata chai, "machine" hufuata Kifaransa, na "school" hutamkwa kwa "k".

Wa tatu hawajasoma lugha yoyote, nao ndio wanaohitaji uangalifu zaidi. Hutaka Kiingereza mara moja, na wana sababu zao. Lakini kujifunza kusoma ni kukutana kwenye karatasi na neno ambalo sikio linalijua. Mtu akiunganisha "u" na "nga", sikio humwambia: unga! Akijikokota hadi mwisho wa "flour", na neno hilo hajawahi kulisikia, ametaja sauti tu, hajasoma kitu. Kwa hiyo huwaomba tuanze kusoma kwa Kiswahili, huku Kiingereza tukikizungumza kwa mdomo. Ujuzi wa kuunganisha herufi na sauti, ukishapatikana katika lugha moja, husaidia katika nyingine.

Wazo hili lina historia. Mmarekani Frank Laubach, aliyefanya kazi katika kisiwa cha Mindanao, Ufilipino, alifundisha Wamaranao kusoma lugha yao wenyewe, na kila aliyejua akaombwa amfundishe mwingine. Mwaka 1962, katika mji wa Syracuse, jimbo la New York, Ruth Colvin aliunda chama cha watu wa kujitolea baada ya kusoma kwamba katika eneo lake kulikuwa na watu wazima zaidi ya 11,000 wasioweza kusoma vya kutosha. Kazi ilianzia nyumbani kwake. Mwaka 2002 chama hicho kiliungana na kile kilichoanzishwa na Laubach.

Mwambie ukweli kuhusu tahajia

Mtoto hukubali kwamba "receipt" ina "p" isiyotamkwa, kwa sababu mwalimu amesema. Mtu mzima hutaka kujua kwa nini. Jibu lipo, tena si gumu. William Caxton alileta uchapishaji Uingereza mwaka 1476, wakati matamshi ya vokali ndefu yalikuwa bado yanabadilika. Sauti ziliendelea kusafiri, tahajia ikabaki nyuma. "Gh" iliyomo katika "weight" ilikuwa na sauti yake zamani. Tena wasomi waliingiza "p" katika "receipt" na "b" katika "debt" ili maneno yafanane na Kilatini.

Mama wa unga aliposikia hayo alicheka sana. "Kumbe hata wenyewe walijichanganya!" Tangu siku hiyo hakuona haya kuuliza. Nasi wanaisimu tuna deni hapa: maelezo tunayoyahifadhi kwa ajili ya mtihani yanaweza kumwondolea mtu aibu.

Saa mbili za Jumamosi

Kwa kuwa muda ni mfupi, sasa naugawa hivi. Kwanza tunasoma karatasi halisi aliyokuja nayo mwanafunzi: risiti, fomu, maandishi ya mfuko wa unga. Pili, ananisimulia kwa Kiingereza chake jambo alilolifanya wiki hiyo, hata sentensi tatu. Naziandika kama alivyozisema, kisha anazisoma yeye. Njia hii hutumiwa sana na wafundishaji wa kujitolea, na faida yake ni wazi: hakuna neno asilolijua, kwa maana maneno ni yake. Makosa tunayarekebisha baadaye, mawili au matatu, si yote.

Matamshi huja mwisho. Wengi wetu hapa husema "zambi" tunapoandika "dhambi", kwa hiyo "this" huwa "zis". Mtu wa mpakani ataelewa. Lakini atakayesoma "not" kama "now" katika "not valid" atapata hasara. Haraka iende panapouma.

Jambo la mwisho linamhusu mfundishaji mwenyewe. Mtu mzima ameacha biashara ili aje. Ukikosa Jumamosi mbili bila taarifa, anahesabu kwamba somo limekufa. Ni heri kuahidi saa moja ukaitimiza kuliko kuahidi tatu. Naye umpe heshima yake: yeye huniita mwalimu, mimi humwita mama, na kwa habari ya bei na mizani yeye ndiye anayenifundisha.

Wenzangu wa kitivo wanaotaka kujiunga nasi, msije na kitabu cha sarufi kwanza. Njooni na mstari mmoja wa Kiswahili na mmoja wa Kifaransa, mwombe mgeni wenu asome, kisha msikilize. Mtajua pa kuanzia.