Mkutano wa wenye kisukari uanze na saa ya kula

Kikundi cha watu wenye kisukari kinapopanga kukutana, iwe ni chakula cha mchana cha wanachama, sherehe ya kufunga mwaka au matembezi ya Siku ya Kisukari Duniani, Novemba 14, mjadala wa kwanza wa kamati ya maandalizi huwa ni kitu gani kisiwepo mezani. Soda zinafutwa, keki inafutwa, wali unatiliwa shaka, na kamati inaondoka ikiamini kazi imekwisha. Kwa maoni yangu, kamati hiyo imeanzia pasipo. Kinachoamua kama mwenye kisukari ataweza kuhudhuria, kukaa hadi mwisho na kurudi nyumbani salama ni saa ya kula, kisha mahali penyewe, halafu ndipo aina ya vyakula.

Sababu iko kwenye dawa. Wengi wanaotumia insulini katika hospitali zetu huchoma insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, nusu saa hivi kabla ya kula. Sehemu moja ya dawa hiyo hushughulikia kifungua kinywa. Sehemu nyingine hufanya kazi polepole, na nguvu zake hufikia kilele muda wa saa nne hadi kumi baada ya sindano. Aliyechoma saa moja asubuhi, basi, ana dawa kali mwilini kuanzia saa tano, na dawa hiyo haisubiri chakula kiive. Vidonge vya glibenklamaidi, ambavyo vinatumika sana kwa kuwa bei yake ni nafuu, navyo huisukuma kongosho itoe insulini hata kama mtu hajala. Sasa tazama ratiba ya kawaida ya shughuli zetu: wageni wameitwa saa nne, mgeni rasmi anafika saa sita, hotuba zinafuatana, na chakula kinafunuliwa saa nane na nusu. Katika kungoja huko sukari ya mtu inaweza kushuka chini ya milimoli 4 kwa lita. Mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio, maneno yanaanza kumpotea. Asiposaidiwa anaweza kuzimia au kupata degedege. Matembezi ya asubuhi huongeza hatari hiyo, kwa sababu misuli ikifanya kazi hutumia sukari iliyomo kwenye damu. Anayetumia vidonge vya metformini peke yake kwa kawaida hapatwi na haya, lakini kamati haijui nani anatumia nini, hivyo ni lazima ratiba ipangwe kwa kumfikiria aliye hatarini zaidi.

Hapo ndipo uamuzi wa kufuta sukari yote unapogeuka kuwa hatari. Mtu ambaye sukari imemshuka anahitaji sukari ya haraka, gramu 15 hivi: nusu glasi ya soda ya kawaida, au vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji. Apimwe tena baada ya dakika 15, na akipata nafuu ale. Aliyepoteza fahamu hapewi kitu mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Kwa hiyo soda chache, sukari na mashine ya kupimia viwepo mahali panapojulikana, na awepo mtu aliyekabidhiwa kazi ya kumsaidia atakayeshukiwa na sukari. Kuhusu mlo wenyewe, mwenye kisukari anahitaji nafasi ya kuchagua na kukadiria. Pilau iliyopakuliwa jikoni ikaletwa imejaa sahani inamnyima nafasi hiyo. Wali, maharage, samaki na mchicha vikiwekwa kila kimoja kwenye bakuli lake, atajipakulia kiasi alichozoea nyumbani, ambacho dozi yake imepangwa kukidhi. Maji yafike mezani kwanza, kwa sababu soda moja ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, na mwenye kiu hunywa kilicho karibu.

Mahali pa kukutania napo pana hatari zisizoonekana. Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu na kuifanya miguu ife ganzi. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni. Mguu ambao hauhisi meno ya panya hauwezi kuhisi kipande cha chupa ufukweni wala mchanga uliochomwa na jua la saa saba. Sherehe ya ufukweni, basi, iwe kivulini na viatu visivuliwe. Katika nyumba nyingi za pwani mgeni huvua viatu mlangoni, nayo ni adabu njema. Mwenyeji awaambie wageni mapema waje na viatu vyao laini vya ndani, sakafu ifagiliwe vizuri, na viti viwepo kwa wasioweza kukaa mkekani. Choo kiwe karibu, kwa kuwa sukari ikipanda mtu hukojoa mara kwa mara. Maji na sabuni visikosekane: kidole chenye maji ya embe hutoa namba ya uongo kwenye mashine. Itengwe pia kona yenye faragha na mwanga wa kutosha kwa anayechoma sindano au ambaye macho yake yamedhoofika, na chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko kwa ajili ya sindano zilizotumika.

Wapo watakaouliza kama kukutana kwenyewe kunastahili jitihada zote hizi. Magharibi mwa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulifuatilia kwa mwaka mmoja karibu watu 2,900 waliokuwa na kisukari au shinikizo la damu. Baadhi waliendelea na kliniki ya kawaida, wengine waliingizwa katika vikundi vya kuweka na kukopa, wengine walitibiwa wakiwa kikundi, na wengine walipata vyote viwili. Shinikizo la damu lilishuka katika makundi yote manne, na lilishuka zaidi kwa waliotibiwa katika kikundi huku wakiweka akiba pamoja. Watafiti wenyewe walikiri kwamba tofauti hiyo haikufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu walichojiwekea, na sisi tusiikuze. Hata hivyo inatosha kutuambia kwamba kikundi kinastahili kupangwa kwa uangalifu uleule tunaoupa kliniki. Faida ya kikundi, kubwa au ndogo, humfikia anayeweza kuja na kurudi tena mwezi ujao.

Pingamizi la pili ni gharama. Vikundi vingi vinaendeshwa kwa michango midogo, na ni haki kuuliza fedha zitatoka wapi. Lakini kula kwa wakati hakuna bei. Kutenganisha vyakula kwenye mabakuli, kuhamishia viti kivulini na kuchagua ukumbi wenye choo karibu ni mambo yanayotaka fikra kuliko pesa. Pingamizi la tatu ni kwamba mtu mzima anajua hali yake, basi abebe chakula chake. Ni kweli abebe, na kila mwenye kisukari ashauriwe hivyo. Ila anayelazimika kutoa mkate mfukoni katikati ya hotuba, mbele ya watu wasiojua ugonjwa wake, mara nyingi atavumilia njaa kuliko kujitangaza, na mara ya pili hatakuja. Tukumbuke pia kwamba Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima milioni 24 katika Afrika kusini mwa Sahara wana kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajijui. Kwa hiyo mpangilio huu unazifaa hata harusi, vikao vya ukoo na mikutano ya vyama vya akiba, kwa kuwa huko nako wamo.

Kwa hiyo nawaomba wajumbe wa kamati za maandalizi: saa ya kula iandikwe kwenye mwaliko, ili kila mtu ajue namna ya kupanga dawa yake pamoja na daktari wake, na saa hiyo iheshimiwe. Mgeni rasmi akichelewa, watu wale kwanza. Hotuba inaweza kungoja; insulini iliyokwisha kuchomwa haingoji.