Sampuli za Kuonyeshea Mitindo ya Marejeleo

Katika programu za kupanga marejeleo, sampuli ni taarifa za maandishi machache zinazomwonyesha mtumiaji sura ya mtindo kabla hajauchagua. Kazi yake ni kutofautisha mtindo mmoja na mwingine, na kwa kazi hiyo sampuli nyingi zimepwaya.

Sampuli iliyozoeleka ni kitabu kimoja cha mwandishi mmoja. Ikiwekwa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mtindo mmoja utatoa (Kezilahabi, 1971) na mwingine (Kezilahabi 1971). Mwanafunzi huona tofauti ya mkato mmoja tu, kisha huchagua kwa kubahatisha. Tofauti kubwa hukutana nazo tasnifu ikikaribia kuwasilishwa.

Ni afadhali sampuli ichaguliwe kwa matatizo inayoyaibua. Kezilahabi huyo huyo alichapisha Kichomi na Kichwamaji mwaka 1974. Vitabu hivyo vikiwekwa pamoja, mtindo wa mwandishi na mwaka hulazimika kudhihirisha kama unaandika 1974a na 1974b, na kama jina hurudiwa orodhani au huwekewa kistari. Malenga wa Bara ya Kahigi na Mulokozi hufichua kiungo cha majina: "na", "&", au "and" iliyojipenyeza katika ukurasa wa Kiswahili. Iongezwe makala ya waandishi watatu au zaidi, maana ndipo mfasiri ajue kama programu ina "na wenzake" au imebaki na "et al."

Majina yanahitaji uangalifu zaidi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ni kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Taasisi hiyo ikiingizwa kana kwamba ni mtu, mashine hulichukua neno la mwisho kuwa jina la ukoo, na orodhani huibuka mwandishi aitwaye "Kiswahili, T." (Kosa hili huchekesha hadi litokee katika kazi iliyokwisha kujalidiwa.) Muyaka bin Haji naye huangukia herufi H, ingawa Haji ni jina la babaye na msomaji atamtafuta kwenye M. Sampuli isiyo na jina la namna hii haiwezi kumtahadharisha yeyote.

Lipo pia suala la herufi kubwa. Mitindo mingi iliyoandikwa kwa CSL, lugha ya maelekezo inayotumiwa na Zotero na Mendeley, hugeuza herufi za anwani kwa kanuni za Kiingereza. Anwani isiyotajiwa lugha yake yaweza kutoka "Kamusi Ya Kiswahili Sanifu", kwa kuwa mashine haikitambui kihusishi "ya". CSL huliacha badiliko hilo pale sehemu ya lugha inapoonyesha lugha isiyo Kiingereza. Kwa Kiswahili msimbo wake ni "sw". Kwa hiyo sampuli iwe na anwani ile ile mara mbili, moja ikiwa na msimbo huo na nyingine bila, ili mtumiaji aone kinachobadilika kabla ya kuingiza vitabu vyake mwenyewe.