Njia ya Akiba Isiyoamka (Sehemu ya 2)

Juma lililopita tuliona jinsi chasisi moja ya seva za bledi inavyobeba kazi ya kabati zima. HP BladeSystem c7000, iliyoingia sokoni mwaka 2006, hupakia bledi 16 katika kimo cha uniti 10, na mgongoni ina nafasi 8 za moduli za mawasiliano. Karibu kila kiungo muhimu humo kina pacha wake. Kwa nini basi chombo cha namna hiyo kikose mtandao kwa sababu ya waya mmoja kuchomoka?

Tuanzie ndani. Kadi ya mtandao ya bledi ina poti mbili za msingi: ya kwanza huelekea moduli iliyo nafasi ya 1, ya pili huelekea nafasi ya 2, kupitia bamba la katikati lisilo na kebo ya mtu kuikwaa. Kipande hicho cha njia hakifi kirahisi, na uimara wake ndio unaodanganya. Programu inayochagua poti ya kutumia huangalia, kwa kawaida, kama poti ya seva inasikilizana na moduli yake. Uplinki ya moduli kwenda swichi kuu ikikatika, kipande cha ndani kinabaki kizima, taa inabaki ya kijani, na seva inaendelea kumimina data kwenye moduli isiyo na pa kuipeleka. Ni kama mpangaji anayeona mlango wa chumba chake uko wazi, hajui kwamba geti la nje limetiwa kufuli.

Dawa ya hili kwenye moduli za mawasiliano za HP ziitwazo Virtual Connect inaitwa SmartLink. Uplinki zote za mtandao fulani zikifa, moduli huzima kwa makusudi poti za seva zinazoutegemea mtandao huo, ili seva ishtuke na kuhamia upande wa pili. Ni kisanduku kimoja cha kutia alama, lakini kazi yake inategemea mpangilio. Fundi aliyeweka uplinki za moduli zote mbili katika kundi moja ataziona nusu ziko kazini na nusu zinasubiri, aanze kubadilisha kebo nzima zisizo na hatia. Virtual Connect haiunganishi kwa LACP (itifaki ya kufunga viungo kadhaa kuwa kimoja) poti za moduli mbili tofauti, kwa hiyo upande mmoja lazima ungoje. Mpangilio huo unakubalika, ila SmartLink haitafanya lolote mpaka pande zote mbili zife. Mimi napendelea makundi mawili, kila moduli na lake, yote yakiwa kazini, na uamuzi wa kuhama uachiwe seva.

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa hata wazoefu. Teknolojia ya Flex-10 hugawa poti moja ya gigabiti 10 kuwa poti nne, na seva huziona kama kadi nne kamili. Msimamizi wa VMware anakuta kadi nane kwenye skrini, anachukua mbili, anaziunganisha na kulala usingizi. Ikiwa zote mbili ni vipande vya poti ileile, moduli moja ikizimika zote zinakwenda nayo. Kabla ya kugusa chochote, fuatilia kila kadi hadi ujue inatokea moduli ipi, kisha uandike.

Baada ya hapo, pima. Acha ping ya kila sekunde ikienda kwenye seva, halafu katisha uplinki upande wa swichi kuu. Muda wa ukimya utakuambia ugonjwa. Majibu mawili matatu yakipotea, mfumo umehama kama ulivyopaswa. Ukimya wa sekunde 30 hadi 50 unaelekeza kidole kwenye spanning tree ya zamani, itifaki ya kuzuia mizunguko kwenye mtandao, ambayo husubiri sekunde 15 mara mbili kabla ya kuruhusu poti ipitishe data, na wakati mwingine huongeza 20 juu yake. Sekunde 90 ni saa ya LACP ya mwendo wa pole: ujumbe kila sekunde 30, na mwenzio huhesabiwa amekufa zikikosekana tatu. Hii hutokea hasa pale ambapo mwanga wa fiba bado upo lakini kifaa cha upande wa pili kimeganda. Zikifika dakika 5, shuku kumbukumbu ya anwani za MAC, ambayo swichi nyingi huitunza kwa sekunde 300. Seva inayoongea muda wote huponea hapo, kwa kuwa swichi hujifunza upya inakotokea. Iliyo kimya ndiyo huumia. Na ping isiporudi kabisa, rudi kwenye SmartLink.

Jaribio lisiishie kwenye kuchomoa. Malalamiko mengi ya ajabu hutokea wakati wa kurudisha waya: kiungo kinawaka, seva inarudi haraka kwenye njia yake ya kwanza, na spanning tree bado inahesabu sekunde zake. Watumiaji wanakatika kwa sababu ya matengenezo, hitilafu yenyewe hawakuihisi. Poti za swichi zinazotazama Virtual Connect ziwekwe kama poti za ukingoni, zipitishe data papo hapo. Moduli hizo hazishiriki spanning tree. Au zima kule kurudi kwa haraka upande wa seva.

Hata ukifaulu haya yote, tazama nyaya zinakopita. Mei 12, 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika siku moja kaskazini ya Durban, na intaneti ikadorora Tanzania na kwa majirani zake. Ndani ya chumba cha seva makosa ya aina hiyo, njia mbili kutegemea sehemu moja, ni madogo lakini ya ukoo uleule: moduli mbili, uplinki mbili, na swichi kuu zote mbili zimechomekwa kwenye soketi za laini moja ya umeme.

Sehemu ijayo itahusu umeme huo.