Mwanafunzi wa Sheria, Uliza Tarehe Kwanza



Kila mwaka masomo yanapofungwa, vijana wanaosoma sheria katika vyuo vyetu hutawanyika kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, au kama wanavyosema wenyewe, huenda fildi. Wapo wanaopelekwa mahakamani, wapo wanaokwenda kwa mawakili wa kujitegemea, na wapo wanaopangiwa katika asasi zinazotoa elimu na msaada wa sheria bure kwa wananchi wasio na uwezo. Leo nazungumza na hawa wa mwisho, kwa kuwa baadhi yao huenda huko wakidhani ni mahali pa kungojea barua ya kuthibitisha kwamba walihudhuria.

Kazi hii haikuanza jana. Kamati ya Msaada wa Sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mwaka 1967. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kilianzishwa mwaka 1992, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu mwaka 1995. Mwaka 2017 Bunge likatunga Sheria ya Msaada wa Kisheria, ambayo iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, yaani wananchi waliopewa mafunzo ya kuwaelekeza wenzao ingawa wao si mawakili.

Sasa, kijana anayefika katika ofisi ya namna hiyo anafanya nini? Kazi yake ya kwanza ni kumpokea mteja, kumsikiliza na kuandika maelezo yake. Inaonekana ndogo, lakini hapo ndipo penye mtihani. Mteja haanzi na kifungu cha sheria. Anaanza na shemeji aliyemtukana, na ng'ombe walioingia shambani, na mwaka ule wa njaa. Kijana asimkatize. Lakini kabla mteja hajainuka kwenye kiti, liko swali ambalo lazima liwe limeulizwa na kujibiwa: jambo hili lilitokea tarehe gani?

Chukua mfano wa mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali huku Tanzania Bara. Anazo siku 30 tu za kupeleka lalamiko lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Yeye hajui. Wiki ya kwanza anamsihi mwajiri. Wiki ya pili anangoja jibu la meneja. Wiki ya tatu anatafuta mtu anayemfahamu mkubwa fulani. Anapofika katika ofisi ya msaada wa sheria, ni siku ya 28. Kijana asipouliza tarehe, akamwambia arudi wiki ijayo kwa sababu wakili yuko safarini, atakuwa amemfungia mlango bila kukusudia. Ni kweli kwamba aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini atatakiwa kueleza sababu ya kila siku aliyochelewa. Hali kadhalika, aliyeshindwa kesi katika Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Baada ya tarehe, ni kujua mlango wa kubisha. Wananchi wengi walizoea kwamba Baraza la Kata huamua kesi za ardhi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na baraza hilo likabakiwa na kazi ya kusuluhisha tu. Suluhu ikishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiyeambiwa hivyo atazunguka na makaratasi yake mpaka achoke.

Kazi nyingine ni elimu kwa umma. Hapa kijana anapaswa kusahau kidogo lugha ya darasani. Ukisimama katika mkutano wa kijiji ukaanza kutaja namba za vifungu, watu watakusikiliza kwa heshima na hawatakumbuka kitu. Waulize badala yake: je, mume anaweza kuuza nyumba wanamoishi yeye na mkewe bila mke kukubali? Wataanza kubishana. Wakishabishana, waeleze kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza. Hilo hawatalisahau.

Hata hivyo, kueleza si kuahidi. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani anazofanya mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wanawake wengi wamesaidiwa na uamuzi huo. Lakini Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilikataliwa, kwa kuwa mahakama iliona amekwisha kupata sehemu yake. Kwa hiyo kijana asimwambie mteja, "Mama, hii umeshinda." Amwambie sheria inasema nini, kisha amfikishe kwa wakili. Wala habari za mteja si za kusimulia kwenye daladala.

Na sera je? Wapo wanaodhani sera hutungwa hotelini, kwenye semina. Mimi nasema huanzia katika daftari la wateja. Jalada moja ni shida ya mtu mmoja; majalada 20 yanayofanana kutoka tarafa moja yanaonyesha kwamba liko kosa katika sheria au katika watekelezaji wake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au hata 14 kwa idhini ya mahakama, vilikwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo. Shauri lile halikuhusu ndoa ya binti mmoja, bali sheria yenyewe. Wapo watakaofungua mashauri mengine ya namna hiyo, nao watahitaji kumbukumbu zilizoandikwa vizuri, zenye tarehe, umri na mahali.

Nanyi mnaoongoza asasi hizi, msimfanye kijana wa fildi kuwa mtu wa kutoa fotokopi na kufuata chai. Mkalisheni mbele ya mteja, msaidizi wa kisheria mzoefu akiwa pembeni. Baada ya miezi michache ataondoka, na huenda siku moja akawa hakimu. Mteja atakayesimama mbele yake siku hiyo atafaidika ikiwa hakimu huyo aliwahi kusikiliza maelezo ya mtu aliyebakiwa na siku 2 tu.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.