Mtoto Akitoka Mabaka Baada ya Kunywa Uji

Unga wa uji wa mtoto unaouzwa sokoni Daraja Mbili au Keroka mara nyingi ni mchanganyiko: wimbi, mahindi, soya, njugu karanga, hata omena, vyote vimesagwa pamoja. Ni uji wenye nguvu. Lakini mtoto wa miezi saba akiunywa kwa mara ya kwanza na kutoka mabaka ya kuwasha, nani atajua ni kipi kati ya vitano kilichomdhuru? Basi jamaa huacha vyote, na mtoto hubaki na uji mtupu wa mahindi.

Hilo linatutia wasiwasi. Mzio, au aleji, ni mwili kupigana na chakula kana kwamba ni adui. Upo, na unaweza kuua. Hata hivyo, si kila upele au kuhara ni mzio. Maji machafu pia huharisha. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa watoto 18 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mtoto anayenyimwa mayai, maziwa na njugu kwa kukisia tu anaweza kuongezeka kwenye hesabu hiyo.

Mtoto akifikisha miezi sita, mwanzishie wimbi peke yake, huku ukiendelea kumnyonyesha. Baada ya siku chache ongeza chakula kimoja kipya, kidogo, asubuhi, ili uwe na mchana mzima wa kumwangalia. Njugu zisagwe laini kabisa, kwani nzima humkaba. Usiziogope bila sababu: utafiti wa London uliochapishwa 2015, uliofuatilia watoto 640, ulionyesha kuwa kuanza njugu mapema hupunguza sana mzio wa njugu. Mtoto mwenye ukurutu mkali, au aliyewahi kudhuriwa na yai, aonwe na daktari kwanza.

Dalili za mzio kwa kawaida huonekana ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Andika alikula nini, saa ngapi, na dalili zilianza lini. Piga mabaka picha kwa simu, maana huenda yakapotea kabla hujafika kliniki. Acha chakula unachoshuku pekee, na uende na picha hizo pamoja na Kijitabu cha Mama na Mtoto. Usimjaribishe tena nyumbani.

Kuna dalili zisizongoja kliniki ya kesho: ulimi au midomo kuvimba, sauti kukauka ghafla, kupumua kwa shida au kwa mluzi, kutapika mfululizo, kulegea. Mtoto huyo anahitaji sindano ya adrenalini upesi. Dawa ya maji ya kuzuia mwasho haitoshi. Nyanya akisema mtoto ametazamwa na mwenye jicho baya, msibishane naye saa hiyo. Tafuteni gari au bodaboda, mwende hospitali iliyo karibu zaidi yenye huduma ya dharura, msiipite mkitafuta kubwa. Njiani mtoto alazwe mapajani, asifungwe mgongoni. Akishindwa kupumua akiwa amelala, mkalishe. Mkifika, mwambieni mhudumu wa kwanza mtakayemkuta kwamba mnashuku mzio wa chakula, na mtaje chakula chenyewe.